Simu Nne za Jumapili

Kuna mama alikufa kwa sababu sikukamata simu. Nimezunguka na sentensi hii muda mrefu, nikiivisha nguo za kazi, nikiiita tukio, nikiiita hitilafu ya mawasiliano, na sasa nimechoka kuivisha. Mama mwenyewe alikuwa Mrundi, jirani yetu hapa kambini Dzaleka, Malawi, na alinipigia mara nne Jumapili moja asubuhi. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Niliiangalia inalia mpaka ikanyamaza, mara zote nne.

Mi kazi yangu ni kulinda seva. Kituo chetu cha masomo kina chumba kidogo nyuma ya madarasa, na ndani yake kuna kompyuta kubwa isiyo na skrini, betri za sola zimepangwa chini, na nyaya zinazopanda mpaka kwenye mnara mdogo juu ya bati. Masomo yote ya wanafunzi yamo humo: vitabu, mitihani, kazi walizoziandika kwa simu zenye vioo vilivyopasuka. Siku seva ikianguka, darasa zima linakaa linanitazama utafikiri nimeikata mimi kwa meno. Mambo haya nilianza kuyasomea Bukavu kabla hatujakimbia, nikayamalizia hapa kambini kwa kuharibu na kutengeneza. Na watu wananijua, nina hasira za karibu. Mtu akiniuliza réseau, yaani mtandao, inarudi saa ngapi, namjibu vibaya.

Kuanguka kwa seva huku si ajabu. Umeme unakatika, vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya feni, mvua inapiga mnara. Kinachomtesa mlinzi wa seva ni kutojua. Mwanzoni niliweka programu ya uangalizi, ile inayopima kila dakika kama mashine iko hai, ikikuta imekufa inakutumia ujumbe. Niliiweka wapi? Ndani ya seva ileile. Mtu mzima, na diplome yake! Seva ilipokufa Ijumaa moja, programu ilikufa nayo, na skrini yangu ikabaki inaonyesha picha ya mwisho iliyoipata, kijani tupu kutoka juu hadi chini. Nilikaa siku mbili nikijisifu. Jumatatu wanafunzi walikuta mitihani yao imepotea, na wengine hawakupewa nafasi ya kuirudia.

Nikaihamishia Lilongwe, kwenye ofisi yetu ya mjini, ambako nilikuwa nikienda Jumapili kwa Jumapili nikiwa na kibali cha kutoka kambini. Nilichagua Jumapili kwa sababu siku hiyo hakuna mwanafunzi anayetumia mashine, unaweza kufungua na kufunga bila kulaaniwa. Lakini huko nako shida ikageuka upande. Mawasiliano kati ya mji na kambi yakiyumba kidogo tu, programu inapiga kelele kwamba kila kitu kimekufa, kumbe hakuna kilichokufa. Siku moja ilinimwagia jumbe mpaka simu ikaisha moto wa betri. Nikaanza kuzifuta bila kuzisoma.

Hapo njo nikamfikiria yule mama. Alikuwa mjane wa umri wa dada yangu mkubwa, na ndiye aliyekuwa akifagia kituo. Akimaliza kufagia anatandika gunia mbele ya chumba cha mashine, anapanga nyanya na usipa, vile vidagaa vya ziwani, anakaa hapo mpaka jioni akitazama mlango. Kwenye kisanduku cha betri kuna taa ndogo. Ikiwa kijani, mambo ni mazuri. Ikiwa nyekundu, umeme hauingii na saa za seva zinahesabika. Nikamwambia, mama, ukiona nyekundu nibip. Alikubali palepale, na kituo kikawa kinamwekea unité kidogo, salio la simu, kila mwezi kwa kazi hiyo.

Bip haihitaji kufundishwa kwa mtu wa kambini. Unapiga, inalia kidogo, unakata kabla mwenzako hajakamata, na unité yako inabaki salama. Nusu ya maisha yetu tunayaendesha hivyo. Nimefika, bip. Chakula kimeiva, bip. Nakukumbuka, bip. Na adabu yake kila mtu anaijua: bip haikamatwi. Ukiikamata umemkulia mwenzako unité, na hiyo ni roho mbaya tu. Wiki ya kwanza nilisahau, nikakamata, nikasema alo. Yule mama aliacha nyanya zake siku hiyo nzima akiwaambia wapita njia namna gani mtu wa mashine alivyo mlafi.

"Papa, umenikulia unité yangu," aliniambia niliporudi. "Mi nakuambia taa, we unaniambia alo."

Tangu siku hiyo sikukamata tena simu yake hata moja. Tulipatana hivi: bip moja, taa ni nyekundu. Mbili, taa ni nyekundu na kisanduku kinalia. Na mimi nikishaona, nambip mara moja, maana yake nimeona, nashughulika, we tulia. Akipata bip yangu anaweka simu chini anaendelea kuuza. Namba yake niliihifadhi kwenye simu kwa neno moja, TAA. Jina lake sikuliandika, na wakati ule sikuona vibaya.

Alikuwa bora kuliko programu yoyote niliyowahi kuiweka. Mara nyingi bip yake ilifika kabla skrini ya Lilongwe haijajua kitu. Alijifunza mashine kwa masikio. Ananiambia leo inakohoa, namcheka, halafu nafungua nakuta feni imejaa vumbi na kipande cha manyoya ya kuku. Nikimuuliza amejuaje, anatega kichwa.

"We uko na diplome," anasema, "mi niko na masikio."

Nilimpenda, nisiseme uongo. Nilipenda pia kwamba hakuniuliza réseau inarudi saa ngapi. Na nilijua ana presha. Nilimwona mara ngapi amenyoosha miguu ukutani, kiganja kwenye paji la uso, akisema kichwa kinamgonga kama mtu anayepasua kuni humo ndani. Nikimwambia akanywe dawa, anasema dawa zinamlevya, ataangukia nyanya. Tunacheka, naingia kwa mashine zangu. Nilimpangia atafanya nini betri ikizidiwa, taa ikigeuka rangi, kisanduku kikianza kulia. Atafanya nini yeye akizidiwa, sikupanga, wala sikuwaza.

Jumapili hiyo niliondoka asubuhi na mapema, minibasi ya kwanza, nikapitia Lumbadzi nikafika mjini kabla jua halijapanda. Ofisi ilikuwa tupu. Nilikuwa nasafisha orodha ndefu za kumbukumbu za mashine nilipoona TAA inaita. Saa tatu na nusu hivi. Nikainua simu nikaitazama kama kawaida, nikingoja ikate.

Haikukata upesi. Ililia mpaka ikachoka yenyewe. Niliona hilo, nakumbuka kabisa niliona, nikasema labda kidole kimechelewa. Nikageukia skrini. Kijani. Umeme unaingia, betri zimejaa, seva inapumua vizuri. Sasa hapo mtu mwenye akili angesema, skrini iko sawa, basi mama ana jambo lake. Mimi nilikuwa nimeumwa na skrini ya kijani mara moja, na yule mama hakuwahi kunidanganya hata siku moja. Nikamwamini yeye. Nikasema skrini inadanganya tena.

Ikaita ya pili. Aa, nikasema, mpaka kisanduku kinalia. Nikafungua programu ya uangalizi sehemu kwa sehemu nikitafuta ni wapi inapokwama. Nikapima betri kwa njia nyingine, zimejaa. Nikaiuliza seva kwa njia nyingine, ikajibu vizuri. Kadiri mashine zilivyojibu kwamba ziko salama, ndivyo nilivyozidi kuzikasirikia.

Ya tatu ikaita, ndefu kama zile nyingine. Tatu hatukupatana maana yake. Nikamlaumu, nikasema leo mama amechanganya hesabu, ananivuruga. Ya nne ilipoanza kulia nilikuwa nimeshika kipanya cha kompyuta kwa mkono wa kulia na simu kwa wa kushoto, na kidole changu kilikuwa karibu kabisa na kile kitufe cha kijani. Sikukibonyeza. Nilifikiri juu ya unité zake, haki ya Mungu. Niliona huruma zisiliwe bure siku ya Jumapili.

Ilipokatika nikambip mara moja. Nimeona, nashughulika, we tulia.

Hakupiga tena. Nikapumua. Nikajua umeme umerudi, taa imegeuka kijani, mama amerudi kwenye nyanya zake au amekwenda zake kanisani. Saa zote zilizobaki za asubuhi nilizimaliza nikitafuta kosa ambalo halikuwepo ndani ya programu ambayo haikuwa na kosa. Mchana nikashuka barabarani nikala nsima, ugali wa huku, na maharage, nikala vizuri.

Nilikuwa bado nanawa mikono namba nisiyoijua ilipoita. Hiyo niliikamata mara moja. Alikuwa binti yake, mtoto wake pekee, msichana mkubwa anayesoma kwenye kituo chetu hichohicho na kuniita tonton, mjomba. Alikuwa amekopa simu ya mtu wa kwaya.

"Tonton, mama ameanguka kwa chumba ya mashine," alisema. "Tunamupeleka hospitali Dowa."

Nikapata mambo yote baadaye, kwa vipande. Asubuhi ile mama alikwenda kufungua chumba ili mashine zipate hewa, kazi ya dakika chache kabla hajakwenda ibadani. Kichwa kikampiga humo ndani. Miguu ikakataa, akakaa chini kwenye simenti mgongo ukiwa kwenye betri. Pande zote makanisa yalikuwa yanapiga ngoma na vipaza sauti, sisi Wakongo upande huu, Wanyarwanda upande ule, Warundi wenzake nyuma, na hata angepiga kelele ni nani angemsikia. Binti alikuwa anaimba. Namba ya mwisho kwenye simu ya mama ilikuwa yangu, maana kila siku alikuwa anapiga hiyohiyo. Ibada ilipokwisha binti alikwenda nyumbani, akakuta kumefungwa, akarudi kumtafuta kituoni. Alimkuta amelala ubavu, simu imo ndani ya kitenge, na mate yamekauka shavuni.

Minibasi ya kurudi ilikaa Lumbadzi ikingoja abiria mpaka nikataka kulia. Nilifika Dowa jioni. Mama alikuwa amelala, upande mmoja wa mwili umekufa, mdomo umevutwa. Muuguzi alituambia kwa upole kwamba ugonjwa huu unahesabu saa, kwamba watu wanaofikishwa mapema wengine wanasimama tena. "Pepani," akasema, pole kwa Kichewa, akagusa bega la binti. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda. Mama alifungua jicho moja akaniangalia, akaniangalia sana, na sauti haikutoka. Nilitoka nje nikasema nakwenda kununua maji.

Alifariki Jumatano.

Tulimzika hapa Dzaleka, na watu wakakaa kwenye matanga kama inavyotakiwa. Siku ya pili binti alikuja akakaa karibu yangu, akafungua simu ya mama yake, ile ndogo ya vitufe, akanionyesha orodha ya simu zilizopigwa. Namba yangu, mara nne. Hakuniuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kupanga mambo kichwani tu, juu ya nini sikukamata. Watu wa kwenye mkeka wakageuka kusikiliza.

"Réseau ilikuwa imeanguka," nikasema. "Asubuhi yote. Hakuna kitu kilifika kwangu."

Ulinitoka bila shida, uwongo ule. Na ulipokelewa vizuri ajabu. Mzee mmoja akaanza kusimulia jinsi réseau ilivyomkosesha kumzika kaka yake. Mwanamke mwingine akasema mtoto wake Burundi alikuwa mgonjwa akapona bila yeye kujua kwa sababu ya réseau. Wakailaani réseau kwa Kirundi, kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, na mimi niliyejua kila dakika ya asubuhi ile nikatikisa kichwa pamoja nao. Binti alinishika mkono. Aliniambia nisijilaumu, mama alikuwa ananihesabu kama mdogo wake. Nilitaka ardhi inimeze, na bado nikasema aksanti.

Mwisho wa mwezi kituo kinabandika ripoti ya mashine mlangoni. Naiandika mimi. Nilikaa mbele ya ile karatasi muda mrefu kuliko kawaida. Ningeweza kuandika kwamba Jumapili ile mawasiliano yalikatika asubuhi, nani angehakikisha? Ingefanana na maneno yangu ya matangani, mambo yangekwisha. Lakini mkono ulikataa. Ile kazi niliyoipigania miaka yote, kila kukatika kukiandikwa na saa yake, sikuweza kuichafua. Nitajisema mwenyewe kabla hamjanisema: nilikuwa tayari kumdanganya mtoto wa marehemu, ila si ripoti. Nikaandika ukweli. Mwezi huu seva haikuanguka, mawasiliano ya kambi na mji hayakukatika, simu ya zamu, ile yangu, ilipatikana siku zote. Nikaibandika mimi mwenyewe, kwa gundi, kwenye mlango ambao binti anaupita kila asubuhi akienda darasani. Sijui nilikuwa nataka nini. Labda nilitaka anikamate.

Alikuja baada ya siku tatu. Nilikuwa ndani ya chumba napangusa vumbi kwenye betri, maana siku hizi nafagia mwenyewe. Alisimama mlangoni na ile simu ya vitufe. Akaniambia amesoma karatasi. Akaniambia aliisoma mara mbili, halafu alikwenda nyumbani akaichaji simu ya mama yake, akatazama pia ile sehemu ya simu zilizoingia, ambayo wakati wa matanga hakuitazama.

"Hapa kuko appel yako moja," alisema. "Nyuma ya ile ya ine, dakika mbili. Tonton, sasa hii ni nini?"

Nilikaa chini kwenye simenti. Nikamweleza yote, tangu mapatano ya taa mpaka dakika ile nilipoona huruma juu ya unité. Nikamwambia niliona simu zote nne, kwamba réseau haikuwa na kosa lolote. Nikamwambia ile moja ilikuwa bip yangu ya kumjulisha mama kwamba nimeona, nashughulika, yeye atulie. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitazama tena ile simu, akashuka na kidole kwenye orodha, polepole, akihakikisha.

"Njo maana hakuita mutu mungine," alisema. "Alibakia anakungojea."